Picha kali, ila haina stelingi

Bajaji ilikwama kwenye taa za Morocco, hapa Dar. Shangazi katikati, mimi kulia, binamu yangu, mtoto wake, kushoto kajikunja, magoti yanagusa kiti cha dereva. Tulikuwa tunatoka kutazama Vuta N'kuvute, na tangu taa za ukumbini ziwashwe nilikuwa nimeuma ulimi makusudi. Nilitaka waanze wao. Nikianza mimi, binamu huitikia tu "kweli dada", na mazungumzo yanafia hapo.

Akaanza.

"Picha kali," akasema. Akachungulia foleni, akarudisha kichwa ndani. "Ila haina stelingi."

Shangazi akaguna mguno wake ule ambao hujui kama amekubali au amekereka. Dereva, ambaye hakuna aliyemuuliza, akageuza shingo: "Hiyo si ile ya kitabu? Ya Adam Shafi, tuliisoma kidato cha sita. Denge, yule mpigania uhuru, wamemwacha hai?"

Taa ikawaka kijani, honi zikaanza nyuma yetu, swali lake likapotelea humo humo.

Nilicheka. Tukashuka, tukala, tukalala. Lakini ile "haina stelingi" imekuwa ikinirudia wiki kadhaa sasa, nikipika, nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi, nikiwa kazini mbele ya kompyuta najifanya nasoma. Kuna siku naiona ni kauli ya kijana aliyezoea picha za ngumi. Siku nyingine naiona nzito kuliko uchambuzi wowote niliowahi kuusoma kuhusu filamu hiyo.

Na sipendi kubaki katikati.

## Stelingi hafi

Aliyekulia karibu na kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video mtaani, hahitaji kuelezwa. Stelingi, shujaa wa picha, hafi. Akipigwa mwanzoni, anapigwa ili apate hasira. Anayekufa ni rafiki yake, hasa akishatoa picha ya mchumba mfukoni na kusema wakirudi salama ataoa. Adui mkuu yupo mpaka mwisho, na hata akiwa na bunduki, risasi zitamwishia, watamalizana kwa mikono. Polisi wanafika na ving'ora vyao mambo yameshakwisha.

Hizo ndizo sheria. Picha ikizivunja, watu wanadai kiingilio chao.

Mimi nilizijua bila kukanyaga kibandani. Mtoto wa kike, ndani ya lile turubai jeusi, kwenye mabenchi yasiyo na mgongo, wavulana wamebanana na feni moja imeelekezwa kwa mwenye kibanda? Nyumbani wasingetaka hata kusikia. Nilichoruhusiwa ni kusoma ubao wa chaki pale nje, saa nane ya Kichina, saa kumi ya Kihindi, usiku ya vita, halafu kumsubiri kaka arudi.

Kaka alisimulia kwa mwili mzima. Ngumi alizitoa mwenyewe mdomoni, tishu, tishu. Kioo kikivunjika alipiga sufuria. Mama akimfukuza jikoni tulihamia uani. Sikumbuki akisema picha ni nzuri au mbaya. Ila mbaya aliimaliza kabla chai haijachemka: "Mwanzo wanaongea-ongea tu, halafu wanapigana, basi." Nzuri ilitufikisha magharibi, na kuna vipande alivirudia bila kuombwa. Mapenzi alikuwa anayaruka yote. Ndiyo maana kwa miaka mingi niliamini picha za Kihindi ni ugomvi wa mashamba na mama anayelia.

Ukubwani nilipoziona baadhi kwa macho yangu, nikakuta za kaka zilikuwa bora.

Mwas wa Nairobi Half Life, ile ya Tosh Gitonga ya mwaka 2012, ananikumbusha kaka kila nikimwona. Kabla hajaingia Nairobi yuko kwao anauza DVD, na namna yake ya kuuza ni kuzicheza zile muvi mbele ya wateja: ngumi yeye, bastola yeye, maneno ya stelingi yeye. Hana haja ya kusema "nunueni, ni nzuri". Anaonyesha kipande, mtu anaingiza mkono mfukoni.

Nafikiri hivyo ndivyo tulivyokuwa tukitoa maoni juu ya picha. Unaisimulia. Unapokaa sana na unaporuka, msikilizaji ameshajua ulivyoiona.

Binamu hakunisimulia chochote. Kanipa hukumu, kesi sikuisikia.

## Mwenye maiki

Kuna watu waliifanya kazi ya kaka kwa malipo. Lufufu, DJ Mack na wenzao walichukua picha ya Marekani, ya Hong Kong, ya India, wakashusha sauti ya wahusika, wakapandisha ya kwao. Waganda wana maveejay wao, VJ Jingo na wengine, na ukipanda basi la safari ndefu upande wetu wa mpaka bado unaweza kuwekewa picha iliyopigiwa domo namna hiyo mpaka unafika.

Wanaowaita wale watafsiri nadhani hawajawasikiliza vizuri. Mtafsiri anakupa alichosema mtu. Hawa wanakupa alichosema, alichokuwa anafikiri, na kwamba huyu unayemwona kavaa suti ni mshenzi, usimwamini. Stelingi anatajwa mapema, usije ukapoteza huruma yako kwa mtu wa kufa dakika ya kumi. Na mambo yakipoa, mwenye maiki anajua. Anatia chumvi, anamtania mhusika, anaitaja mitaa ya Dar kana kwamba jambazi wa Hong Kong anaishi Manzese.

Maoni yanaingia humo humo ndani ya picha, inapokwenda.

Hata bila mwenye maiki, kibandani walikuwa wanaongea. "Geuka nyuma wewe!" "Huyo usimpe begi!" Kaka alisema mkubwa mmoja wa mtaa alikuwa anakatazwa kukaa mbele kwa sababu alishaziona zote na hawezi kujizuia kusema nani atakufa.

Sasa fikiria ukumbi tuliokwenda sisi. Kiyoyozi, viti vya kitambaa, giza la heshima. Shangazi kaona mlango, kaniinamia kuniambia kitu, kijana wa safu ya mbele akageuka: "Shhh." Shangazi akanyamaza mpaka mwisho.

Nimekuja kushuku kwamba ukimya ule ndio unatupa "kali", "ya kawaida", "imenibamba", halafu tunaingia kwenye bajaji. Mtu aliyezoea kusema dakika kwa dakika, ukimziba mdomo saa nzima na ushee, akitoka nje hana cha kusema ila muhuri.

Lakini hiyo haimwelezi binamu. Yeye hakuishia kwenye muhuri. Alisema na kilichokosekana.

## Dripu

Rafiki yangu mmoja ni muuguzi. Ukitaka kumharibia jioni, mwekee Bongo Movie yenye hospitali.

Hamwangalii mgonjwa, anaangalia mkono wa mgonjwa. Mpira wa dripu umebandikwa kwa plasta juu ya ngozi, sindano hakuna. Anapandisha macho kwenye chupa: hakidondoki kitu. Anashuka usoni: mahututi, lakini lipstiki imekaa, wigi halijasogea hata kidogo. Daktari anaingia, anamwambia mume "jikaze", anatoka. Wakati huo rafiki yangu ameshasimama, ameenda kuosha vyombo.

Jirani yangu dereva wa lori yeye ni usukani. Mtu yuko kwenye barabara iliyonyooka, usukani anauchezesha kulia kushoto kama anapita kona za mlima Kitonga. Hapo hapo anahamisha chaneli.

Kwa muda nilikuwa nasema watu wetu ni wakali kwa kazi zetu wenyewe, basi. Mpaka nilipomkuta muuguzi huyu huyu anafuta machozi kwa Amar Akbar Anthony, ya mwaka 1977. Mwanzoni mle kuna wana watatu waliopoteana utotoni, wamelala vitandani hospitali, damu inatoka mikononi mwao kwa pamoja na kuingia kwa mama mmoja ambaye hawajui kuwa ni mama yao. Kwa pamoja. Mipira mitatu.

Nikamuuliza: na kupima damu je?

"Aah, ile ni ya Kihindi bwana."

Ya mbali tunairuhusu iwe hadithi. Ya kwetu tunaidai kitambulisho. Nimejaribu kuona kama hiyo ni dharau na sijafika. Muuguzi anaijua ile wodi, ndiyo kazi yake. Mtu akiigiza wodi yake kwa plasta anamwona kamdharau yeye. Hospitali ya Bombay haimdai chochote.

Na kuna sababu za kazi yenyewe, ambazo ukizijua unapunguza ukali. Zile za DVD ziliuzwa Part 1 na Part 2, dakika zikatakiwa. Ndiyo hapo geti linafunguliwa, gari linaingia lote, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka sebuleni, anakaa, simu inaita. Mwenye filamu akishamkabidhi msambazaji kazi yake na kulipwa kwa mkupuo, hela haiongezeki hata diski zikiisha sokoni, kwa hiyo kila siku ya ziada ya kurekodi anaila mfukoni mwake. Sindano ya kweli na muuguzi wa kuitia ni siku ya ziada.

Aprili 2012, mwigizaji wa Bongo Movie Steven Kanumba alipofariki akiwa na miaka 28, nilitembea kutoka viwanja vya Leaders, alikoagwa, kurudi nyumbani kwa sababu magari hayakuwa yanapita. Watu walikuwa wamejaa barabara nzima kuelekea makaburi ya Kinondoni. Njia nzima walikuwa wanasimuliana picha zake. Vipande, kwa mikono, kwa sauti yake, alivyoinua nyusi, alivyolia. Wengine bila shaka ni hao hao waliokuwa wakizicheka dripu. Siku ile sikusikia habari ya wigi.

## Milango

Asubuhi ya baada ya onyesho nilimkuta shangazi anachambua mchele. Nikamuuliza alitaka kuniambia nini pale alipozibwa mdomo.

"Mie nilikuwa naangalia milango," akasema. "Nikitafuta mtaa wetu."

Shangazi amezaliwa Ng'ambo, Unguja, miaka ile ile ambayo filamu inaisimulia, hamsini na kitu, kabla ya uhuru. Aliyeitengeneza, Amil Shivji, ni kijana wa Dar. Filamu imepita tamasha la Toronto mwaka 2021 na mwaka uliofuata ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar, ya pili tu baada ya Maangamizi ya mwaka 2001. Hayo niliyajua mimi. Shangazi hakuyahitaji. Alitaka kuona kama wamepata namna mwanamke anavyosimama mlangoni kwake, nusu ndani nusu nje, anapomsikiliza mtu asiyetaka aingie.

"Wameipata?"

"Mahali pamoja." Akapeperusha makapi. "Pamoja panatosha."

Halafu akanihadithia juu ya mama yake, bibi yangu, ambaye sikumkuta. Sinema za Unguja zilikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na bibi alikuwa haachi. Buibui linavaliwa, watoto wanaachwa kwa jirani, wanakwenda kundi zima. Iliyomkaa maisha ni Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Wimbo wake aliuimba mpaka uzeeni, Kihindi hajui hata neno.

Mnaoikumbuka mnajua inavyokwenda. Jaji anamfukuza mkewe mjamzito, Leela, kwa kumshuku. Mtoto, Raj, anakulia mitaani mikononi mwa mwizi, anakuwa mwizi. Mwisho anasimama mahakamani mbele ya baba yule yule, anahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na mpenzi wake Rita anaahidi kumngojea.

Stelingi kaishia jela. Kibandani pangewaka moto.

"Sasa bibi alisemaje kuhusu Raj?" nikauliza.

"Raj gani? Bibi yako hakuwa na habari na Raj. Yeye ni yule mama aliyefukuzwa. Kila akiizungumza anaanzia pale alipotolewa nje usiku. Na yule jaji hakumsamehe mpaka anakufa. Ukimtajia, anasonya."

Nimeitazama Awara mara nyingi na kila mara niliamini ni ya Raj Kapoor: nyimbo zake, kofia yake, mwendo wake. Bibi kaingia ukumbini, kawaacha wote wanaimba, kamfuata Leela na mimba yake.

## Ulikuwa unamwangalia nani

Kwa hiyo nikambana binamu. Alikuja jioni moja kuniletea gesi, nikamkalisha, nikampa chai, nikamwambia aeleze.

"Nieleze nini, dada? Nilisema ni kali."

"Na stelingi?"

Akakuna kichwa. Nilitegemea aseme Denge hapigani vya kutosha, au picha inakwenda taratibu. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba kuhusu ile rangi, kuhusu kamera inavyotulia, kuhusu maana ya kumwacha mtazamaji apumue. Hotuba nzuri, nimekaa nayo wiki nzima.

"Ukimfuata Yasmin, Denge anapotea," akasema. "Ukimfuata Denge, unamwacha Yasmin. Sawa, ndiyo jina la picha lenyewe, vuta nikuvute, nimeelewa. Lakini mimi nilikuwa na mtu wangu na kila nikimkamata wananiondolea."

"Nani?"

"Mwajuma."

Mwajuma, kwa asiyesoma kitabu wala kuona filamu, ndiye mwenye chumba cha Ng'ambo. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee mwenye duka, akitoroka anafikia kwake. Kwenye filamu amechezwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, na kila akiingia kwenye fremu unasahau mwingine alikuwa anasema nini. Hilo sikubishana naye.

"Angalia," akasema, sasa kasogea mbele ya kiti. "Yule binti anakimbia, analala kwa nani? Kwa Mwajuma. Chakula cha nani? Mwajuma. Siri inakaa kwa nani? Wote wana mambo makubwa, mmoja mapenzi, mwingine kumtoa Mwingereza. Wanapata nafasi ya kuwa na mambo makubwa kwa sababu kuna mtu kawapa pa kulala. Halafu hadithi ikichanganya, kamera inaondoka nao. Yeye anabaki ndani. Mimi nilitaka kubaki naye mle ndani."

Ile hotuba yangu ya kamera nikaimeza na chai.

Sikusema nilichokuwa nawaza, kwa sababu kwetu mambo hayo hayasemwi usoni pa mtu. Mama yake ndiye mwenye nyumba ya Mwananyamala ambayo ukoo mzima umefikia. Anayekuja kutibiwa Muhimbili, anayekuja kutafuta kazi, anayekuja kuolewa, anayekimbia kuolewa. Mimi nilishuka pale na tranka langu kuanza kidato cha tano, na nikaondoka nimeshapata ajira. Binamu amelala sebuleni karibu utoto wake wote ili vyumba vipate wageni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza.

Bado simkubalii yote. Filamu ya Mwajuma mle ndani ingekuwa filamu nyingine, na mimi nilitaka Denge aondoke na kamera, nilitaka kuona ile siasa inanuka jasho la watu. Pia nadhani Shivji anajua vizuri sana anachokifanya anapomwacha mwanamke yule mlangoni na kututoa nje. Kutuacha tunamtamani nako ni kazi. Nilimwambia hivyo. Akasema sawa, lakini mwenye picha akijua kwamba ninamtamani mtu, si anipe.

Siku hizi nimeacha kuwauliza watu "uliionaje". Nawauliza walikuwa wanamwangalia nani, na wanafunguka hata wale wa "ya kawaida tu". Kazini kuna mlinzi kaniambia kwenye picha yoyote ya ujambazi wa benki yeye anamwangalia mlinzi wa mlangoni, yule anayepigwa kitako cha bunduki sekunde ya kwanza na hatuonyeshwi tena kama aliamka. Ana orodha yao kichwani.

Binamu alikuwa anamalizia chai. Nikaona nimchokoze kwa sheria zake mwenyewe.

"Haya, Mwajuma ndiye stelingi. Stelingi lazima awe na adui. Adui wa Mwajuma nani?"

Akafikiri kidogo, akaweka kikombe chini.

"Wageni," akasema.